Maneno Chini ya Picha: Kisa cha Darasa Lililosoma Historia kwa Sura za Watu

Kisa hiki kilitokea katika shule ya sekondari ya kata, kwenye mji mdogo wa pwani ya kaskazini mwa Tanzania. Mimi nilikuwa mwalimu wa somo. Majina yote nimeyaacha, na baadhi ya mambo ya familia nimeyabadilisha ili asijulikane mtu. Bibi anayetajwa huko mbele nilikwenda kumsomea sehemu inayomhusu. Aliniambia niondoe sentensi mbili, nikaziondoa.

Mazingira

Darasa lilikuwa Kidato cha Pili, wanafunzi 52, dawati la wawili likikaliwa na watatu. Shule haina mwalimu wa sanaa. Nafundisha Historia, na tangu mtaala mpya ulipoanza nafundisha pia Historia ya Tanzania na Maadili. Somo hili la pili hufundishwa kwa Kiswahili, na hapo ndipo nilipopata nafasi niliyokuwa nikiitafuta kwa muda mrefu: wanafunzi wangu wazungumze juu ya historia kwa lugha wanayoiota usingizini.

Shida yao haikuwa uvivu. Ukiwauliza Vita vya Maji Maji vilipiganwa lini, wanakujibu 1905 hadi 1907 kabla hujafunga mdomo. Ukiwauliza mtu wa wakati ule alivaa nini, alimwogopa nani, alitaka watoto wake wawe nani, darasa linanyamaza. Miaka waliijua, watu hawakuwaona. Hata kitabuni, wakifika penye picha, jicho linapita juu yake kama linavyopita juu ya nafasi tupu. Nilitaka wajifunze kuisoma picha ya mtu kama wanavyosoma aya: neno kwa neno, kwa kuuliza nani aliiandika na kwa nini.

Nilikuwa na sababu ya pili. Darasa lile lilikuwa na Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua, watoto wa watumishi waliohamia kutoka bara, na watoto wa koo mbili zenye asili ya Yemen. Wote walijiita "watu wa hapa", ila kila mmoja alikuwa na namna yake ya kumwambia mwenzake kwamba yeye ni wa hapa zaidi. Niliona picha za watu zingeweza kutufungulia mazungumzo hayo bila kugombana.

Mpango ulikuwa wa wiki nane, vipindi viwili kwa wiki: kimoja cha kusoma picha, kimoja cha kuchora. Mkuu wa shule aliukubali kwa sharti kwamba azimio la kazi lisirudi nyuma. Fundi mmoja wa kuandika mabango mjini alikubali kuja kila Alhamisi. Malipo yake yalikuwa chakula cha mchana na kopo za rangi zinazobaki.

Wiki ya kwanza: sarafu

Niliwaambia waje na sarafu yoyote waliyo nayo. Hakuna gharama, na hakuna picha ya mtu inayoshikwa na Watanzania wengi zaidi kuliko hiyo. Ya shilingi 100 ina Mwalimu Nyerere, za 200 na 500 zina Mzee Karume, na ya 50, ambayo siku hizi haionekani sana, ina Mzee Mwinyi. Noti ya 1,000 ina Nyerere tena. Wengi walikuwa wameishika ya 50 tangu utotoni bila kujua sura ile ni ya nani.

Tuliuliza maswali matatu tu: Amevaa nini? Anatazama wapi? Nani aliamua awepo hapa? Msichana mmoja alizipanga sarafu na noti juu ya dawati, akahesabu, kisha akasema, "Mwalimu, simba yupo, kifaru yupo, tembo yupo. Mama hayupo hata mmoja."

Sikuwa nimelipanga hilo. Kipindi kilichofuata nilikigeuza chote kuwa cha Bibi Titi Mohamed: mwanamke aliyezaliwa 1926, aliyewaingiza wanawake katika TANU, aliyeshitakiwa kwa uhaini na kufungwa, akaachiwa 1972, akafariki mwaka 2000. Niliwaambia pia kwamba majirani zetu wa Kenya walichagua njia nyingine kabisa. Katiba yao ya 2010 inakataza fedha kubeba sura ya mtu yeyote, na noti zao mpya za 2019 hazina tena picha ya uso wa kiongozi, ingawa sanamu ya Jomo Kenyatta inaonekana mbele ya jengo la KICC. Mjadala ulikuwa mkali. Kundi moja lilisema sura ya kiongozi kwenye fedha inatukumbusha tulikotoka. La pili likasema nafasi ikiwa finyu, heri asikae mtu kuliko wakae wachache. Sikutoa hukumu, na nafurahi sikutoa.

Wiki ya pili na ya tatu: kadi isiyo na jina

Baada ya sarafu nilileta picha kumi nilizozichapisha kutoka kwenye kadi za posta za Zanzibar na mwambao, za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Wakati huo studio za Unguja, nyingi zikiwa za wapiga picha wenye asili ya Goa kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, ziliwauzia wasafiri picha za wenyeji. Katika kadi nilizochagua wamo wanawake wa pwani waliosimama mbele ya pazia lililochorwa, mkono kiunoni, doti ya kanga mpya, vipuli vikubwa masikioni.

Kwanza tulisoma nguo. Wanafunzi hawa wanazijua kanga kuliko mimi, na waligundua haraka kwamba kadhaa kati ya hizo hazina jina, yaani hazina maandishi yoyote. Tukazungumza jinsi kanga za mwanzo zilivyokuwa na nakshi peke yake, maneno yakaja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha kwa za Kilatini. Ghafla wakawa na njia yao wenyewe ya kukadiria umri wa picha. Nilikiona kile nilichokitaka: jicho linafanya kazi ya kihistoria.

Kisha mvulana wa safu ya nyuma akauliza, "Huyu anaitwa nani?"

Nilisoma maandishi yaliyo chini ya kadi. Yalikuwa ya Kiingereza, na maana yake ilikuwa "Mwanamke wa Kiswahili". Kadi nyingine: "Msichana wa Zanzibar". Nyingine: "Wachukuzi". Kumi zote hazikuwa na jina hata moja la mtu. Aliyeandika maneno yale aliandika aina ya mtu, kama mtu anavyoandika aina ya samaki.

Hapo nilifanya zoezi ambalo walimu wengi tunalipenda. Niliwaambia kila kundi limpe mwanamke mmoja jina, umri na kisa cha maisha yake. Walianza kwa furaha. Huyu akaitwa Mwanaidi, yule akaitwa Zuhura, mmoja akapewa mume nahodha. Katikati ya zogo yule mvulana akanyoosha mkono tena. "Mwalimu, na sisi si tunamsingizia? Yule mzungu alimwita jina lisilo lake, na sisi tunamwita jina lisilo lake."

Nilisimamisha zoezi. Badala yake kila kundi liligawa karatasi kwa mistari miwili wima. Safu ya kwanza: tunachokiona. Ya pili: tunachokisia, na tunakikisia kwa sababu gani. Ya tatu: angekuwepo, tungemwuliza nini. Safu ya tatu ndiyo iliyojaa kuliko zote. "Ulilipwa?" "Kanga ni yako au ya studio?" "Ulijua picha itauzwa?" Ile sentensi ya mvulana niliiandika kwenye daftari langu la maandalio na kuipigia mstari.

Wiki ya nne: wenye majina

Niliwaletea watu ambao majina yao yamehifadhiwa. Wa kwanza walikuwa Chuma, Susi na Jacob Wainwright. David Livingstone alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, hawa, waliokuwa watumishi wake, na wenzao waliukausha mwili na kuubeba kwa miguu miezi mingi hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, ndiye aliyesafiri na jeneza, akawa miongoni mwa waliolibeba siku ya mazishi Westminster Abbey, Aprili 18, 1874. Chuma na Susi walifikishwa Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha. Huko walipigwa picha, na picha hizo zipo hadi leo. Darasa lilitumia kipindi kizima kubishana kama sura ya Susi ni ya huzuni au ya uchovu, hadi mmoja akasema hatuwezi kujua, turudi kwenye safu ya pili.

Wa mwisho alikuwa Sayyida Salme. Niliwaonesha ile picha yake maarufu akiwa katika mavazi kamili ya binti wa kifalme wa Zanzibar, nikauliza ilipigwa wapi. Wote: Zanzibar! Ilipigwa studio huko Hamburg, Ujerumani, baada ya kuondoka Unguja 1866, kubatizwa na kuolewa. Alikuwa mbali na kwao, na jina jipya la Emily Ruete, akavaa nguo za kwao mbele ya kamera. Wale watoto wa watumishi waliohamia kutoka bara walinyamaza kidogo. Mmoja akasema mama yake naye huvaa vitenge vya kwao kila inapokuja picha, hata kama siku nyingine havai.

Wiki ya tano hadi ya saba: kuchora

Somo la kwanza la fundi lilikuwa rangi. Tulikuwa na pakiti za penseli za rangi 12, na michoro ya mwanzo ilikuwa na nyuso nyeupe za karatasi au za waridi. Walioogopa weupe waliukandika uso kwa penseli nyeusi. Fundi alitazama yote, akaweka mkono wake juu ya meza, akasema, "Nitafutieni nyeusi hapa." Hawakuiona. Akawaonesha kuchanganya kahawia, nyekundu na manjano, na penye kivuli kuongeza tone la bluu. "Nyeusi ya kopo inaua uso," alisema.

Kila mwanafunzi alitafuta rangi ya kifundo cha mkono cha mwenzake na kuandika kipimo chake nyuma ya karatasi. Maneno yalikuja yenyewe: maji ya kunde, rangi ya kahawa, mweusi tii. Msichana mmoja aliandika kwamba shingo ya dada yake ina rangi moja na uso una nyingine, kwa sababu ya mkorogo. Hakuna aliyecheka. Tulizungumza juu ya mkorogo dakika zilizobaki zote, na nakiri sikuwa nimejiandaa. Nilisikiliza zaidi kuliko nilivyosema.

Siku mbili baadaye alikuja mzazi mmoja, mwalimu wa madrasa. Alikuja kwa adabu. "Mwalimu, mimi sikatai elimu. Lakini kuchora kiumbe chenye roho, kwetu lina maneno. Mtoto wangu amelala na wasiwasi."

Mkuu wa shule alitaka nimjibu kwamba zoezi ni la darasa, kila mtoto atalifanya. Niliomba tuamue vingine, kwa sababu mbili. Ya kwanza: mtoto anayechora akiogopa hajifunzi kutazama. Ya pili ilikuwa ya kihistoria kabisa. Pwani hii imewahifadhi watu wake kwa karne nyingi bila kuchora nyuso zao. Imewahifadhi kwa nasaba zinazosomwa kwa moyo, kwa mashairi, kwa milango ya nakshi, kwa makaburi ya nguzo kama ya Tongoni na Kaole. Kumlazimisha mtoto huyu achore uso ingekuwa kumfundisha kwamba njia za kwao si njia.

Kwa hiyo tuliweka milango mitatu: kuchora uso, kuchora vitu vinavyomtambulisha mtu (bakora, cherehani, kinu, kanga na jina lake), au kumwandika mtu kwa maneno bila kumtaja, hadi anayemjua amtambue. Wanafunzi 11 walichagua maneno au vitu, na baadhi yao hawakuwa na pingamizi lolote la dini. Yule mtoto wa mwalimu wa madrasa aliandika aya moja juu ya babu yake, namna anavyokunja mkeka kwa mguu mmoja huku akiendelea kuzungumza. Ndiyo kazi bora niliyoipokea muhula ule.

Kazi ya mwisho ilikuwa mtu mzima wa familia. Wengi walianza na picha ya nyumbani. Hapo tuligundua kwamba kwa wazee wengi wa mji ule picha pekee ni ya kitambulisho cha NIDA au kadi ya mpiga kura, picha ambayo hukuchagua pozi wala nguo. Kwa hiyo niliwataka wakae na mtu huyo angalau mara moja, wamwulize angependa achorweje. Mzee mmoja alitaka achorwe na redio yake, na mama mmoja alitaka awe amekaa, kwa sababu maisha yake yote amesimama.

Wiki ya nane: maonesho

Siku ya wazazi tulizitundika kazi zote ukutani kwa kamba na vibanio vya nguo. Kila kazi ilipaswa kuwa na maneno chini yake. Na maagizo niliyoyatoa kwa darasa, kwa kinywa changu, yalikuwa haya: "Andika jambo moja juu ya mtu huyu ambalo watu hawalijui."

Mwanafunzi mmoja, msichana mtulivu, alimchora bibi yake mwenye umri wa miaka zaidi ya themanini. Bibi alikubali kuchorwa, akakaa kibarazani, na katika kukaa akahadithia. Chini ya picha mjukuu aliandika kwamba bibi wa Bibi aliletwa pwani akiwa mtumwa.

Kwa hesabu ya miaka hakuna la ajabu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, lakini hali ya utumwa ilifutwa kisheria huko 1897, na upande wa Tanganyika Wajerumani hawakuifuta kabisa. Ilifutwa na Waingereza mwaka 1922. Wapo wazee walio hai waliolelewa na bibi waliowahi kuwa mali ya mtu. Ila pwani hii, neno hilo bado linatumika kumkata mtu kauli ugomvini, na bado linanong'onwa watu wanapochunguza ukoo wa mchumba.

Mzazi mmoja alizipiga picha kazi zote kwa simu, akaziweka kwenye wasapu. Hakuwa na nia mbaya. Aliandika "Hongera shule yetu". Kufikia magharibi picha ile ilikuwa imefika mitaa mitatu. Nyumbani kwa Bibi kulikuwa na posa ya binti mwingine inayoendelea.

Asubuhi baba mdogo wa mwanafunzi alikuwa ofisini kabla ya kengele. Hakupaza sauti. Alisema, "Mama alimhadithia mjukuu wake. Hakuuhadithia ukuta wa shule."

Maamuzi na sababu zake

La kwanza: niliishusha picha ile dakika hiyo hiyo, bila kusubiri kikao.

La pili lilituchukua muda. Mkuu wa shule alitaka tushushe maonesho yote. Walimu wawili walipinga hata kushushwa kwa ile moja: utumwa umo katika muhtasari, 1922 ni historia, tukiuficha tunakubali kwamba ni aibu ya aliyetendewa. Hoja yao ina uzito, na bado inanisumbua. Nilijibu kwamba utumwa tutaufundisha kwa jina lake na kwa miaka yake, lakini mwenye habari ya nyumbani ndiye anayeamua itoke mlangoni lini. Tulikubaliana kazi nyingine zibaki, ila kila mwanafunzi arudi kwa mhusika siku hiyo na kumsomea maneno yaliyo chini ya picha yake. Wahusika wanne waliomba yabadilishwe. Wanne! Mmoja alikuwa mama aliyeandikwa kwamba hajui kusoma.

La tatu: tulikwenda kwa Bibi. Nilikwenda na mwalimu wa kike mwenye umri wa kuheshimika, mzee mmoja wa mtaa, na picha yenyewe ikiwa imeviringishwa. Mwanafunzi hakutaka kuja, sikumlazimisha. Baada ya shikamoo na chai, niliomba radhi mbele ya wanawe, nikasema wazi kwamba kosa la maneno ni langu, kwa sababu swali lilikuwa langu. Nililisema hilo kwa makusudi, maana nilikwisha kusikia kwamba binamu zake wanamwita yule binti mvujisha siri.

Bibi alinisikiliza hadi mwisho. Akaomba afunguliwe picha, akaitazama. "Amenipatia macho," alisema. Kisha akasema maneno anayoyataka yeye, nami nikayaandika: kwamba amepika maandazi ya mji huu kwa miaka mingi, amezaa saba, na Kurani ameihitimu akiwa mtoto. Picha aliibakiza kwake.

Wenye simu tuliwaomba wafute. Wengi walisema wamefuta.

Matokeo

Mwanafunzi hakuonekana darasani kwa siku tisa za masomo. Aliporudi alichagua mlango wa maneno, na hadi mwaka unakwisha hakuchora uso tena. Mambo ya posa ni ya familia. Baba mdogo tunasalimiana.

Kwa darasa zima, niliona tofauti kwenye majibu ya mtihani wa muhula: maswali ya picha, ambayo zamani yalirukwa, yalijibiwa kwa kutenganisha kinachoonekana na kinachokisiwa, na wachache waliandika kabisa "hapa nakisia". Yule mtoto wa mwalimu wa madrasa aliombwa aisome aya yake kwenye paredi.

Kisha, kama mwezi hivi baadaye, Bibi alimtuma mjukuu wake yule yule kwangu. Tulikuwa tumebaki na mchoro wa awali wa penseli kwenye faili la darasa. Bibi alitaka chini yake liandikwe jina la bibi yake yeye, yule aliyeletwa pwani. Jina tu, bila neno jingine. Mwanafunzi aliliandika mwenyewe, akaliweka faili mahali pake, akatoka.

Uchambuzi

Vilivyofanya kazi vilikuwa vya bei nafuu. Sarafu ziliwapa wanafunzi mamlaka siku ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyehitaji kitabu ili atazame. Kanga ziliwapa ujuzi wa kunizidi mimi. Safu tatu zilikuwa kinga dhidi ya uzushi, na ningezitumia hata kwa picha za vitabu vya kiada. Rangi za fundi zilifundisha utambulisho kuliko hotuba yoyote ningeweza kutoa: mtoto aliyetumia dakika arobaini kutafuta rangi ya mkono wa mwenzake amemtazama mwenzake kwa namna ambayo hajawahi. Na milango mitatu haikuwa kulegeza kamba. Iliongeza ubora wa kazi, kwa kuwa kila mmoja alifanya anachokiamini.

Kosa halikuwa la mwanafunzi wala la simu. Niliomba ridhaa ya uso, sikuomba ridhaa ya maneno. Bibi alikubali kuchorwa. Hakuna aliyemwuliza kama anakubali kuandikwa. Na swali langu lenyewe lilikuwa na kasoro. "Jambo ambalo watu hawalijui" ni mwaliko wa kutoa siri, hasa kwa mtoto mwenye bidii anayetaka kumpendeza mwalimu. Wiki ya pili nilikuwa nimefundisha kwa uchungu jinsi mtu mwingine alivyowaandikia wanawake wa kadi maneno wasiyoyajua wao. Wiki ya nane nikawapanga watoto wafanye jambo la jamaa moja na hilo. Sentensi ya yule mvulana ilikuwa daftarini mwangu, imepigiwa mstari, wiki zote hizo.

Kosa jingine ni kutofikiria ukuta utatazamwa na nani. Maneno yanayosemwa mbele ya wanafunzi 52 wanaofahamiana si maneno yale yale yanapofika mtaani. Sasa mwenye sura ndiye anayetaja maneno, na swali ni "unataka watu wajue nini juu yako?" Kisha anasomewa, kwa sauti, mbele ya mwanafunzi. Jioni ya kabla ya siku ya wazazi wenye picha huja peke yao kuziona kwanza, na wanaweza kuondoka nazo bila kueleza sababu. Siku yenyewe simu hukaa mfukoni, na anayetaka kupiga picha humwomba mhusika.

Kadi za posta bado sijazimaliza. Yule mvulana, sasa Kidato cha Tatu, aliniuliza kama tuna haki hata ya kuzionesha, maana wale wanawake hawakuulizwa na hawawezi tena kuulizwa. Naendelea kuzitumia, tatu badala ya kumi. Maandishi ya chini nimeyafunika kwa kipande cha karatasi, na sikifunui hadi darasa liwe limemaliza kutazama.